Jikoni kwa Betri

Baba,

Pikapu yako inaunguruma hapa nje ninapoandika, nikimsubiri Mama avae. Nimeiacha makusudi. Nikiizima nitabaki kimya na wewe, na leo nina hasira na wewe.

Tangu tusome arobaini yako, gari haliwaki asubuhi. Kaka Bakari anafungua betri, anaipeleka mjini, Chikongola, kuchajiwa, anairudisha, linatembea kutwa, kesho yake limelala tena. Akasema betri imekufa, akanunua nyingine. Nayo ikalala. Juzi akatangaza kwamba gari linauzwa skrepa. Nikamwomba aniachie kwanza, kwa sababu Mama miguu imemvimba, bodaboda hawezi tena kuikalia, na kutoka huku kijijini, Mto Ruvuma unakomalizikia, sioni namna nyingine ya kumfikisha hospitali mjini.

Nikachukua mita yako ya kupimia umeme. Ulinifundisha mwenyewe, nimekaa juu ya tairi gerejini kwako, watu wakikuuliza msichana anatafuta nini kwenye grisi. Ulikuwa ukisema, "Ntu akikonda usimlaumu yeye, katazame jikoni kwake." Betri ndiye mtu, alteneta inayoichaji ndiyo jiko. Nikapima injini ikiwa inazunguka. Mita haikupanda, na nilipowasha taa za mbele ikazidi kushuka. Basi jikoni hakuna moto. Mkanda umekaza. Nyaya safi. Nikazima, nikageuza ufunguo bila kuwasha injini, nikatazama dashibodi.

Ile taa nyekundu ya betri haikuwaka.

Bakari alikuwa akiifurahia hali hiyo. Kwake taa nyekundu isiyowaka ni habari njema. Alisahau kwamba kwenye gari hili lazima iwake kwanza, ndipo izimike injini ikishika, maana umeme wa kuiamsha alteneta unapitia humo humo. Kiglobu kimeungua, Baba, kidogo kama punje ya mahindi. Nikaweka kingine, nikawasha, mita ikapanda.

Sikufurahi. Nililia mpaka Bakari akadhani nimepigwa shoti.

Maana wewe ulikuwa ukiishiwa damu, tunakupeleka, unaongezewa, unarudi umechangamka, moja kwa moja gerejini. Daktari alipotaka ubaki wachunguze damu inapotelea wapi, ukamwambia, "Niongezeeni tu, magari ya watu yananisubiri." Wewe. Uliyekuwa ukiwafokea wateja waliotaka kuchajiwa tu betri waende zao. Na tulipokuuliza kama unaumwa ulisema, "Mimi nzima," nasi tukashukuru Mungu tukala. Gari la kila mtu ulilifungua ukatazama ndani, mwili wako ukakataa usifunguliwe. Nakuombea dua kila nikiswali, lakini hasira haijaniisha, na sitakudanganya.

Gereji tumeifunga. Harufu ya nguo zako za kazi bado ipo nyuma ya mlango. Mama hataki zifuliwe.

Jana nilimuuliza habari za miguu. Akavuta kanga akaifunika, akasema, "Mimi mzima." Ni sauti yako ile ile, Baba, na taa yake nayo haiwaki.

Huyo anatoka sasa, amenuna, anasema korosho zake zitaokotwa na nani. Atawaambia wampe vidonge vya kupunguza uvimbe arudi shambani. Nitakataa mbele yake, anichukie akipenda. Nakuahidi sitamrudisha nyumbani mpaka waniambie kinachomvimbisha ni nini, hata kama jibu lenyewe ni baya. Lako hatukulijua, na kutolijua ndiko kunakonila.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi huko uliko. Mita yako nimeiweka kwenye droo ya gari, na Bakari nimemwambia asithubutu kuiuza.

Mwanao,
Somoe