Fundo la Uzi Mwekundu

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Wenzako kambini hawajambo? Mimi mzima, ila macho. Siku hizi kutunga uzi kwenye sindano mpaka nimwite Gundi atoke kibandani kwake. Anakuja na gundi yake vidoleni, ananiambia fundi cherehani anayeongozwa na fundi viatu ajiuzulu. Unamjua Baba Mdogo wako, hakosi neno.

Sasa usinune. Picha yako ya sare nimeiondoa ukutani. Wateja wangu wengi ni wenzangu wa chama cha Taa, na wanasema jeshi lote ni la Ufunguo, chama kinachotawala, kwamba tukishinda uchaguzi ninyi ndio mtakaotuzuia mlangoni. Mmoja alichukua suruali yake kabla sijaipinda, akaenda zake. Gundi, Ufunguo damu, aliniona naiweka kwenye droo akaiomba. Ameitundika kibandani, juu ya sanduku la misumari, na anawaambia watu wewe ni mwanawe. Naona aibu kukutazama ukiwa upande wa pili wa baraza.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Barua yako nimeicheka, halafu nikaacha kucheka.

Sare hii uliipunguza kiuno mwenyewe nilipokuja likizo, na fundo lako la uzi mwekundu limo ndani ya mfuko wa kushoto, kama unavyolifunga kwenye kila nguo inayotoka mkononi mwako. Sijaona fundi mwingine anayeweka alama mfukoni. Nikiwa lindoni naligusa kwa kidole. Huku hatuulizani nani Taa, nani Ufunguo. Tunaulizana nani kachukua sabuni. Mimi ni yule yule, Baba.

Msalimie Baba Mdogo, umwambie anifute vumbi.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku ni furaha tupu. Tumeshinda, na wakubwa wenu wamempigia saluti rais wetu mbele ya watu wote! Sasa mtaani ni jeshi letu, jeshi letu. Yule wa suruali amerudi, ameivulia kofia picha yako. Ndiyo, nimeirudisha, na sasa iko mlangoni kabisa.

Gundi alinikabidhi bila neno. Sasa yeye ndiye anayesema askari ni wa chama, na wiki mbili hajanitania. Nimemshonea shati la kijivu kumbembeleza. Amelivaa, lakini amenuna nalo. Anasema wenzake wanakwenda kuandamana mji mkuu, na mkewe anamkataza. Nimemwambia aende tu, jeshi la sasa halimgusi mtu.

Baba yako

19 Juni

Shikamoo Baba,

Barua hii isome peke yako.

Tarehe kumi tuliamriwa kuwazuia watu wa Ufunguo darajani. Tulipiga risasi. Sijui kama yangu ilimpata mtu, na sitajua kamwe. Baadaye nikapewa kazi ya kupekua mifuko ya waliolala chini, kutafuta vitambulisho. Wa tatu, mwenye shati la kijivu, alikuwa kifudifudi. Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto. Baba, kidole kilijua kabla sijamgeuza.

Wamezikwa pamoja, bila majina. Mahali napajua, ila sipaandiki mpaka nijue kwamba barua hii imekufikia wewe. Mwambie Mama Mdogo mumewe harudi. Ukishamwambia, niandikie.

Silali. Nikifumba macho nasikia nyundo yake ikigonga soli.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Barua imefika, na imenisikitisha kwa ajili yako. Redio imesema darajani hakufa mtu. Mwenyekiti wa tawi letu naye kasema hivyo hivyo. Mwaka jana ungeniandikia haya ningeyaamini kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Lakini lile lilikuwa jeshi lao, hili ni letu.

Mashati ya kijivu ni mengi. Umechoka tu. Gundi kajificha kwa wenzake, ananuna, atarudi. Barua yako nimempa mwenyekiti. Anajuana na wakubwa wenu, atakuombea likizo.

Baba yako

3 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya nne bila jibu. Mwenyekiti nimemwendea mara tatu. Kwanza alisema uko likizo. Mara ya pili alisema una kazi maalumu. Mara ya tatu alisema hajawahi kupokea barua yoyote kutoka kwangu. Kambini wameniambia hawana askari kama wewe. Niliwaonyesha picha, wakaigeuza chini juu ya meza. Mimi ndiye niliyekupeleka kwao, mwanangu, kwa barua ile niliyoitoa kwa mkono wangu.

Mama Mdogo hufungua kibanda kila asubuhi, anafagia, anaweka kigoda cha mumewe. Siku nyingine nasikia nyundo, mara tatu kisha kimya, kama Gundi alivyokuwa akigonga. Nikiinua kichwa, ni mkewe anafagia.

Juzi aliniletea shati la zamani la mumewe nilipunguze, alivae yeye. Nikaligeuza mfuko, nikaliona fundo langu. Mashati ni mengi, lakini fundo hili nalifunga mimi peke yangu. Nikamwambia yote, hata kwamba mimi ndiye niliyemwambia mumewe aende. Hakulia. Aliuliza tu, "Wamemweka wapi?" Nikasema anayejua ni mwanangu. Akaitazama picha yako, akasema, "Basi tumsubiri."

Kwa hiyo siku hizi anakaa nami kwenye benchi. Wenzangu wa Taa hawaji tena. Mpeleka barua hupita saa nne. Akikata kona tunasimama wote wawili, na akishapita tunakaa.

Baba yako