Neno Lako Moja Kwenye Ripita ya Bunju

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sikulelewa kuanza mazungumzo na mkubwa bila shikamoo, na mama akijua nimeiruka atanifuata na mwiko.

Ni mie, binti yako mbishi. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, hapa chini ya mlingoti wa antena, nyumbani Bunju. Ripita yako iko mezani, feni yake inanguruma kama kawaida. Naiangalia kwa jicho baya. Umetutesa, baba. Acha niseme tu.

Unakumbuka siku uliyoifunga? Nilikuuliza kazi yake nini, ukanieleza huku umeng'ata bisibisi. "Mdogo wangu yuko Kimbiji na kiredio cha mkononi, sauti yake haifiki mbali. Ripita iko juu, inamsikia, inairusha sauti yake kwa nguvu, mji mzima unampata. Basi." Ukaniambia pia kwamba ripita za wenzako wa redio, mtu akiachia kitufe, hutoa kimlio kumjulisha kwamba amesikika. Wewe ukasema mtu mzima kujibiwa na kimlio ni kukosa adabu. Ukasogea kwenye maikrofoni, ukakohoa, ukarekodi neno moja.

"Nipo."

Nikakucheka mpaka nikakaa chini. "Na usipokuwepo je, baba?"

"Mie niende wapi?" ukasema.

Haya. Umeenda, na ripita hakuna aliyeiambia.

Siku ya matanga nyumba imejaa wanawake, mtu mmoja huko hewani akatoa pole kwa familia, akaachia kitufe. Kutoka kwenye redio ya jikoni ukaitika: "Nipo." Shangazi akaangusha sinia la vikombe. "Astaghfirullahi! Zimeni hilo dude!" Mama alikuwa amejiinamia mkekani. Hakunyanyua hata kichwa. "Asizime mtu," akasema.

Basi haikuzimwa. Akakaa eda yake yote chumbani na ile redio pembeni ya mto. Hatoki, havai rangi, hajipaki manukato, na mume anaitika kila watu wakiongea. Kila ukisema nipo, yeye anajibu, "Haya, baba Tatu." Wageni wakawa wanaaga mapema. Mie mwenyewe, nikipita koridoni nikawasikia mnaongea, nywele zinanisimama. Nilitaka kuichomoa ile redio niitupe. Na siku redio isiposema kitu, nilikuwa nabonyeza mwenyewe kitufe cha kiredio chako, kwa siri, nikusikie.

Eda ilipoisha nikaamua kumaliza kazi uliyoiacha kwenye boksi. Modemu. Ulisema mvua ikikolea barabara ya Kimbiji inakatika, mtandao wa simu nao unapotea, na ba'mdogo pale zahanati anabaki kama kisiwani. Ulitaka aandike anachohitaji, modemu yake igeuze maandishi kuwa milio, milio ipite kwenye ripita, modemu ya huku iigeuze kuwa maandishi tena. Yake ulishamfungia. Ya huku nikaiunganisha mie, na kichwa kikavimba. Nikajiona fundi!

Loh, baba, ile siku.

Modemu ya Kimbiji ilituma kipande cha kwanza cha ujumbe, ikanyamaza kusubiri ya huku ijibu kwamba kimefika ndipo ilete kingine. Kabla jibu halijatoka, wewe ukadakia. "Nipo." Jibu likavurugika. Kimbiji ikaona haijasikika, ikatuma upya. "Nipo." Ikatuma tena. "Nipo." Mashine hazichoki na wewe hukuchoka. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Mwanzoni aliitikia kama kawaida yake, haya baba Tatu, nimesikia baba Tatu. Halafu akawa haitikii. Nilipoingia nilimkuta kwenye mbuzi, kifuu mkononi, nazi nusu, macho kwenye redio.

"Tatu," akasema, "anataka nini?"

Nikakimbia nikachomoa waya wa modemu. Kesho yake mtandao uliporudi, ba'mdogo akapiga simu kuuliza kama oda ya dawa za watoto imefika. Ilikuwa haijafika, na masika ndiyo hayo yanakuja.

Dawa ya ripita niliijua. Niingie kwenye kontrola, ule ubongo wa ripita, niiambie kuna modemu sasa, na neno lako lizimwe. Kontrola yenyewe ya zamani, haijui kutofautisha mtu na modemu, kwa hiyo ama uwaitikie wote ama usiitike kabisa. Lakini uliifunga kwa namba za siri ambazo hukumwambia binadamu yeyote. Bila hizo namba ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, na hapo sauti yako inafutika, haipo tena. Nikamwambia mama niirekodi kwanza kwenye simu. Akanitazama kama nimemtukana.

"Kwenye simu atakuwa anasema tu," akasema. "Hapa anaitika."

Siku zikapita, modemu imelala, kila wingu likikusanyika natoka nje kulitazama.

Halafu mama, anachambua mchele kibarazani, akawa anaimba kwa pua. Kawimbo kafupi, hakana maneno, kanapanda kanashuka kanapanda. Nikasimama na ndoo ya maji. Nilikajua. Wewe ulikuwa unakuja kusimama pale dirishani kwake, maana ndipo kiredio kilipokamata vizuri, unaingiza namba zako za siri, na kila kitufe kina mlio wake. Miaka yote mama analalamika, "Umeshaanza kutupigia kelele!" Kumbe kelele zenyewe ameziweka kichwani.

Nikaleta kiredio, nikawa nabonyeza namba mojamoja. Alivyozoea kasida tangu madrasa, sikio lake halidanganywi. "Siyo hiyo. Juu kidogo. Aa, hiyo umeipita." Tulibishana mpaka mchele ukaliwa na kuku. Tulipozipata zote, kontrola ikafunguka, na mama akapiga kigelegele halafu akalia.

Nikamweleza palepale. Sasa naweza kulizima neno lako bila kulifuta, litabaki ndani, kimya. Au tuache unavyoitika na ba'mdogo asahau modemu. Achague yeye, mie siwezi. Kweli, baba, sikuweza.

"Zile dawa za watoto zilifika?" akauliza.

"Zilichelewa."

Akanyoosha mkono nikampa kiredio. Mwanamke ambaye hajawahi kukigusa maisha yake yote! Nikamtajia namba za kulizima neno lako, akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu.

Nikarudisha waya. Kimbiji ikatuma mara moja tu, jibu likaenda safi, maandishi yakatokea: MAJARIBIO. SHEMEJI ANAENDELEAJE? Tukacheka. Ba'mdogo mwenyewe akaingia kwa sauti, furaha imemjaa. "Bunju, mambo yamekubali! Mnanipata?" Akaachia kitufe.

Kimya, baba. Sijawahi kusikia kimya kama kile.

Akabonyeza tena. "Bunju?" Akaachia. Kimya. Tulimwambia kuhusu modemu, kuhusu neno lako hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Braza?"

Mama akakivuta kiredio, akakisogeza mdomoni, akabonyeza.

"Nipo, shemeji."

Tangu siku ile kiredio anacho yeye, kwenye pindo la khanga. Anawaitikia watu wote, mpaka wale wazee wenzako wanaosalimiana bila sababu. Neno lako bado limo ndani, sijaligusa. Jana nimepita koridoni, nikamsikia anaongea peke yake, na nywele hazikusimama. Ila akilala bado nakichomoa pindoni, nabonyeza kwa siri, halafu nangoja.

Usihangaike tena kuitika, baba. Lala. Zamu kaishika mama.

Binti yako mbishi,
Tatu