Mama, Shamba la Zabibu Tuligawana kwa Haki

Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia mimi kwa sababu wanao hawatakuja kaburini kukuambia, na mimi kukaa kimya nimeshindwa.

Nilipoletwa hapa Ihembe kutoka kwetu Kimuli, nilidhani utanionyesha jiko. Wewe ukanipeleka mlimani. Ulibeba vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Tukatembea navyo kuukata mteremko, na kila mara jiwe lilipotulia katikati tulipiga kigingi, hapo ndipo patakapochimbwa kingamaji, mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Kigingi kimoja nilikipiga kwa uvivu. Ukaking'oa.

"Mfereji ukiinama kidogo tu, maji yatakimbia na udongo. Pima tena, mwanangu."

Nilikuwa bibi harusi wa wiki moja, kucha bado zina rangi. Nikapima tena.

Watu walikucheka. Huku kwetu ni migomba na kahawa. Zabibu ni za Dodoma, kwenye jua kali. Lakini wewe uliishi Dodoma, ukafanya vibarua kwenye mashamba ya zabibu, na ulipofiwa na mumeo ulirudi na vipande vya mizabibu ndani ya gunia lililoloweshwa, umevipakata kwenye basi njia nzima. Mvua zetu zikavipa ukungu. Ukapunguza majani kwa mkono ili upepo upite, ukatandaza nyasi kwenye mashina, ukapanda nyasi ndefu za mabingobingo kwenye kingo za makingamaji, na miti ya juu kileleni ukakataza mtu yeyote kuigusa. Ilichukua misimu mingi. Nakumbuka kichala cha kwanza, jinsi uso wako ulivyokunjamana kwa uchachu, na bado ukasema, "Tamu!" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Baadaye zikawa tamu kweli. Nilizipeleka Rubwera kwa bodaboda, ndoo mapajani, na watumishi wa ofisi za wilaya walizimaliza kabla sijapata kivuli cha kusimama. Nikirudi, unaniuliza kwanza kama ndoo imeisha, halafu ndipo unaniuliza kama nimekula.

Matanga yako yalipokwisha, ukoo ulikaa. Shemeji Deo, mkubwa wao, alitaka ardhi igawanywe kwa haki, na kwa kweli alitenda haki. Kugawa kwa upana kungempa mmoja mawe ya juu na mwingine tope la bondeni. Basi wakakata vipande vitatu, kila kimoja kutoka kileleni hadi chini: cha Deo, cha Felisiani katikati, na cha mume wangu Adriani. Kila mtu na mawe yake, kila mtu na tope lake.

Nikanyoosha mkono. "Makingamaji yanapita kwa wote," nikasema. "Mmoja akifukia lake, tumekwisha wote."

Baba yao mdogo akanijibu, tena kwa upole, "Mkamwana, maneno ya ardhi waachie wenye ardhi."

Adriani alikuwa anatazama viatu vyake.

Felisiani ana watoto wengi na kipande chembamba. Makingamaji yalimlia nafasi ya maharage, akayafukia. Deo alikata miti ya juu, akachoma mkaa ili binti yake aendelee na shule. Nimejaribu kuwachukia, Mama, na nimeshindwa.

Mvua ilipokuja, maji yalishuka kwa Felisiani, yakakata kona, yakaingia kwetu. Asubuhi nilikuta mizizi ya mizabibu iko nje, na ule udongo mweusi uliourutubisha miaka yote kwa nyasi na samadi umelala bondeni. Nikaanza kuupandisha kwa beseni kichwani. Siku ya tatu Felisiani alinikuta njiani, akapokea beseni. Tukapanda na kushuka hadi jioni.

"Shemeji," akasema mwishowe, "udongo huu utarudi tena chini."

"Najua."

"Sasa tunaubebea nini?"

Nikamwaga beseni la mwisho. Kesho yake hakuja, na mimi sikwenda. Mvua iliyofuata ikachukua ule tuliopandisha na mwingine juu yake.

Deo na Felisiani wameshauza kwa mtu anayetaka kupanda mikaratusi. Wiki iliyopita Adriani naye ametia sahihi. Aliniuliza kwanza, kwa hilo namshukuru. Nilimwambia afanye anavyoona, maana kipande chetu peke yake hakiwezi kuuzuia mlima. Mnunuzi akataka mizabibu iwe imeondolewa kabla hajaleta miche yake. Nikasema nitaikata mwenyewe, asije akaletwa kibarua asiyeijua.

Nimeikata leo asubuhi. Kwa jinsi ilivyokuwa imenyauka, nilidhani nakata kuni. Lakini kila niliposhusha panga, kisiki kilitoa maji, safi kabisa, tone baada ya tone. Ilikuwa hai, Mama, yote. Nilishika kisiki kimoja, kiganja kikalowa. Kisha nikaikata iliyobaki, kwa sababu shamba si letu tena.

Sikuchukua hata kipande kimoja cha kuotesha. Sina pa kukipanda, na nisingependa kukudanganya kwamba nitakipanda.

Lala salama, Mama.

Mkamwana wako