Tumwombee Dada wa Kitanda cha Juu

Jumatatu, 4 Machi

Mlezi wa ushirika wetu wa Kikristo hapa chuoni, yule mhadhiri wa kemia, anatafuta kiongozi wa huduma kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hataki kura. Atatuangalia tu wiki hii. Ameandika sifa nne ubaoni: unyenyekevu, uvumilivu, usikivu, kutunza siri. Nimejipa alama. Unyenyekevu, tisa kwa kumi. Kumi ingekuwa majivuno.

Mpinzani wangu ni yule tunayemwita Kinanda, kwa kuwa ndiye anayekipigia kwaya. Kipaji anacho. Unyenyekevu sasa — mh.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanga viti mia moja na ishirini ukumbini, peke yangu. Kinanda alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Nilipotoka kunywa maji Mlezi akaingia, akamkuta Kinanda ameshika kiti cha mwisho. Akamshukuru yeye! Basi na uvumilivu nikaufanyia mazoezi hapohapo.

Mchana nimemkuta mwenzangu wa chumba analia. Dada wa Juu tunamwita, kwa sababu ya kitanda chake. Nikaketi kumsikiliza. Kumbe chuo kilimwondoa tangu muhula uliopita, alifeli; bweni tu ndilo alilokuwa amelipia mwaka mzima. Kila asubuhi anabeba mkoba kama sisi, anakwenda kushinda maktaba. Baba yake hajui.

"Usimwambie mtu," alisema. "Mama mdogo anapika hapa jikoni chuoni. Akisikia yeye, baba kasikia."

Nikaapa. Sifa mbili kabla ya saa nane.

Jumatano, 6 Machi

Maombi ya alasiri. Mlezi akauliza nani ana mzigo moyoni. Kinanda akaombea mitihani. Jambo la kawaida mno. Nikasimama mimi. Jina sikutaja, Mungu ni shahidi. Nilisema tu tumwombee dada mmoja wa bweni letu, ghorofa ya pili, kitanda cha juu, ambaye chuo kimemwondoa na baba yake hana habari. Watu walilia. Mlezi alivua miwani akaifuta.

Nyuma kabisa alikuwepo mama mmoja wa jikoni, bado na aproni. Alitoka kabla ya amina. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 7 Machi

Ndiye mama mdogo.

Baba mtu kapiga simu saa moja asubuhi. Dada wa Juu alisema "Ndiyo, baba" mara sita, akakata. Nikamweleza kwamba jina sikulitaja.

Akaniuliza, "Ghorofa hii ina vitanda vingapi vya juu vya watu waliofukuzwa?"

Nikafungua Biblia nimsomee la kumtia moyo. Alivaa viatu akaondoka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechaguliwa! Mlezi amesema ni kwa jinsi ninavyobeba mizigo ya wenzangu. Makofi. Kinanda amenikumbatia, akanong'ona sikioni: "Yule dada umemwomba radhi?" Wivu huo.

Jioni sikwenda kula; jikoni yupo mama mdogo.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tisa alasiri, chumbani. Dada wa Juu anapanga sanduku. Baba yake yuko njiani kuja kumchukua. Nilikuja na maneno ya toba, nimeyagawa sehemu tatu, na sala ya kufungia. Sijafika hata ya kwanza akasema:

"Usiniombee. Usiseme kitu. Ukitaka kukaa, kaa."

Nimekaa. Dakika arobaini sasa. Naandika ili mdomo usipate nafasi. Gauni moja amelikunja mara tatu, na kila akilikunjua nakumbuka aya nzuri ya kumwambia. Nameza. Mlezi amepiga simu mara mbili. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wananingoja ukumbini niwafundishe usikivu. Sijapokea.

Nilikosa. Si kwa bahati mbaya. Nilitaka Mlezi anione, nikamtumia huyu kama ngazi. Haya kwenye zile sehemu tatu hayamo.

Ameacha kupanga. Ameketi kando yangu, kitanda cha chini.

"Akinigombeza nitavumilia," amesema. "Ninachoogopa ni akinitazama tu."

Nimefungua mdomo. Nimeufunga.

Viatu vizito vinakuja koridoni, na nyuma yake sauti ya mama mdogo ikisema ni mlango huu. Wamegonga. Hainuki. Amenishika mkono, huuhuu wa kuandikia —