Bembea ya Nyuzi Sitini

Jumatatu, 3 Juni

Kidoti ameniandikia. Binti yangu. Tangu aondoke na mama yake kwenda kuishi kwa baba wa kambo, sijapata hata salamu. Leo nasahihisha madaftari, simu ikatetemeka mezani. "Shikamoo. Naomba uangalie kama nimepata." Basi. Hakuna habari za siku nyingi. Picha ya ukurasa mmoja tu.

Swali la bembea. Kamba ya mita mbili na nusu. Mtoto anavutwa nyuma mpaka kamba inaachana na wima kwa nyuzi sitini, kisha anaachiwa. Atapita chini kabisa kwa kasi gani?

Sikuanza na swali. Nilianza na mwandiko. Tano yake bado ina shingo ndefu.

Jibu: mita tano kwa sekunde. Ndilo. Nikaandika "Marahaba mwanangu, umepata" – sikutuma. Kuna kitu kinanikera humo.

Jumanne, 4 Juni

Nimekiona. Alianza vizuri kabisa: nishati aliyonayo mtoto kule juu ndiyo inayogeuka mwendo akifika chini, na tungamo linajikata pande zote mbili, huna haja ya kumpima mtoto. Kosa liko kwenye kimo. Amezidisha urefu wa kamba kwa kosaini ya sitini. Huo ni umbali wa kushuka kutoka kamba ilipofungwa hadi usawa wa mtoto! Kimo alichopanda ni kile kinachobaki ukiutoa umbali huo kwenye kamba nzima. Bahati yake, kwa nyuzi sitini vyote viwili ni mita moja na robo. Pembe nyingine ingemuumbua, na mtihani wa mwisho hauko mbali.

Nikisema amepata, atashukuru na kupotea. Nikisema amekosea, huenda akapotea vilevile.

Jioni dada yangu alipita, nikamwonyesha. Akashika kiuno. Mtoto kakutafuta mwenyewe, kaka, na wewe unataka kumpa swali? Mwambie kapata, muulize anakula vizuri. Wewe ukifa utasahihisha hata maandishi ya jeneza.

Nilicheka. Alipoondoka nikatuma: "Jibu ni sahihi, ila kimo umekikosea. Rudia kwa kamba ya mita moja, kosaini iwe sifuri nukta nane. Halafu chora."

Jumatano, 5 Juni

Tiki mbili za buluu. Kimya.

Ijumaa, 7 Juni

Kimya bado. Nimeingia chumbani kwake kutafuta pasi. Zile nyota za plastiki bado zimebandikwa darini, mbili zimedondoka kitandani. Nikapanda kwenye kiti, nikazirudisha kwa gundi. Kisha nikakaa. Pasi nikaisahau, nimekwenda kazini na shati lenye mikunjo.

Dada kapiga: kajibu? Nikamwambia mtandao unasumbua. Akauliza, mtandao wa nani, wake au wako?

Jumapili, 9 Juni

Amepiga. Sauti yake mwenyewe.

"Nilipata mita nne kwa sekunde," akasema, bila hata kuvuta pumzi. "Nilipochora nikaona haiingii akilini. Mtoto kavutwa nyuma kidogo tu, atapandaje karibu mita nzima? Nikafuta. Kimo ni sentimita ishirini. Kasi ni mbili."

"Ni mbili."

"Na lile la kwanza mwalimu wetu aliniwekea tiki."

"Mwalimu wenu ana madaftari mengi."

Akacheka. Kicheko kimekua, kimekuwa kizito kidogo. Sikuwepo kilipokuwa kinabadilika.

Nilitaka kumwambia njoo. Nikasema, "Na kamba ikikatika akiwa pale chini kabisa, ataangukia wapi?"

"Hilo si la nishati peke yake."

"Si la nishati peke yake."

"Basi niachie," akasema. "Nitakupigia."

Jumatano, 12 Juni

Naandika huku yuko hewani – kwa video. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Amefunga kufuli kwenye uzi, uzi kwenye kishikio cha kabati, na nyuma ameweka alama za chaki. Analiachia, linavuka, linapanda upande wa pili. Karibu sana na alama, halifiki. Hewa imekula kidogo, nikamwambia. Akaandika.

Chumba chake. Pazia la kijani. Viatu vya mtu mzima mlangoni – vyake. Kidoti cha shavuni kiko palepale.

"Likizo inaanza wiki ijayo," kasema akiangalia uzi. "Kuna mada tatu sizielewi. Hazifundishiki kwenye simu."

"Chumba chako kipo."

"Najua."

"Mama umemwambia?"

"Bado."

Hapo hapo akaitwa kutoka nje. Ameegemeza simu kwenye mto, kaninyooshea kidole: "Usikate." Katoka.

Naliona kabati na kufuli peke yake. Namsikia mama yake, ile sauti yake ya jikoni: unaongea na nani muda wote huo?



Kidoti kajibu. "Na baba."

Sufuria imewekwa chini. Sasa kandambili kwenye korido – si za Kidoti, mwendo huu naujua – zinakuja chumbani.

Najifunga kifungo cha juu cha shati.