Kwenye fomu niliandika "hakuna"

Mama,

Shikamoo. Tangu tukuzike kijijini Tura umepita mwezi na siku kadhaa, na kila nikishika kalamu naona aibu. Leo nitaandika hivyo hivyo.

Chuoni nimerudi. Bado nasomea malezi na makuzi, yale uliyokuwa ukijigamba nayo kwa majirani wa Ipuli: "Mwanangu anasomea watoto." Wale watoto uliokuwa ukiwalea sasa wanapelekwa kwa Mama Sada, nyumba ya pili. Juzi Hamisi alinivuta sketi akaniuliza utarudi lini. Nilimwambia hutarudi. Akalia, nami nikalia.

Nataka kusema kuhusu ile siku ya mazoezi. Unaijua.

Tulikuja wanafunzi wanne na fomu zetu, kuangalia mlezi wa mtaani anavyofanya kazi. Niliomba Mungu wasituelekeze kwako, wakatuelekeza. Watoto walikuwa mkekani wanachambua choroko, nawe unawahesabia kwa Kinyamwezi. Mwenzangu mmoja akanong'ona, "Hawa wanalelewa au wameajiriwa?" Wakacheka. Nami nikacheka, Mama. Halafu nikakutambulisha: "Huyu ni mama mmoja analea watoto hapa mtaani."

Ulinitazama kidogo tu. Hamisi aliponikimbilia ukamwambia, "Wasalimie dada zako wote." Ulikuwa unanifichia siri. Kisha ukaniletea kiti, kile chenye mto tunachowatolea wageni. Nilikikalia, nyumbani kwetu.

Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza uhusiano wako na mlezi. Niliandika: hakuna. Nikakupa usaini. Ulisoma kwa kidole, polepole kama kawaida yako, na kidole kikasimama pale. Ukasaini. Jioni ukanipigia simu bwenini, ukaniuliza tu kama nimekula.

Nilijiambia nitakuomba radhi likizo ikifika. Presha haikungoja likizo.

Wiki iliyopita mkufunzi alisoma ripoti yangu mbele ya darasa. Alisema ile choroko inafundisha vidole na macho ya mtoto, na kwamba mlezi anayehesabu na watoto kwa lugha ya nyumbani anajua kazi yake. Akauliza, "Ni nani huyu?" Darasa zima likanigeukia. Nikajibu, "Mama mmoja wa Ipuli." Uko kaburini, na bado nilikukana. Sina cha kujitetea. Yule aliyenong'ona siku ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, nami nikainamisha kichwa.

Fomu nimeiomba, ninayo hapa. Lile neno nimelikata, nimeandika "mama yangu mzazi" juu ya saini yako. Jumatatu nitasimama darasani niisome kwa sauti, wacheke wasicheke.

Pumzika, Mama. Likizo nitapanda treni nije Tura nikwambie mwenyewe. Nitakaa chini, kwenye udongo. Usinitolee kiti.

Mwanao,
Zuhura