Sungura wa Mswaki na Hadithi ya Mama Yangu

Adila mwanangu,

Kwanza nikugombeze, salamu utazikuta mbele. Samaki anavuliwa hapa Bagamoyo alfajiri, adhuhuri yuko Dar es Salaam anakaangwa, hata hajanuka. Wewe una miguu na nauli unayo, na tangu Idi kubwa hatujaiona sura yako. Mwanao Abdala suruali zimemfika juu ya vifundo. Dada yake Ashatu sasa anavaa viatu vyangu, na vinambana.

Haya, salaam aleikum. U mzima? Unakula chakula cha kupikwa, au bado unakunywa chai umesimama na simu sikioni? Kikohozi cha vumbi la makaratasi kimepoa? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo lenye jambo, nalo nimelizoea kama jirani mbaya. Wanao wanakuamkia, shikamoo zao nimezipokea kwa niaba yako, kama ninavyopokea kila kitu.

Mwandiko huu ni wa Mwalimu Muharami, yule mstaafu wa nyumba yenye mpera. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuninyooshea maneno. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu kila nikifika penye neno lenyewe unaniambia mama kuna mteja, nitakupigia. Barua haina mteja.

Neno lenyewe ni vitabu vyako.

Ulipopata kazi kwenye hilo duka la vitabu niligawa visheti mtaa mzima. Ulipoanza kutuma vitabu vipya, hiki cha Abdala anayeanza kuunga herufi, hiki cha Ashatu aliyeingia sekondari, niliomba dua ikujie heri. Lakini ulivituma kwa Noorbanu. Mimi ulinitumia kanga. Ukasema Noorbanu anajua kusoma, tena ana duka, mzigo hautapotea. Kana kwamba mimi nimehamia Zinga! Stoo yake na ua wangu vinachangia ukuta mmoja, Adila. Akipiga chafya mimi nasema alhamdulillahi.

Basi watoto wakitoka shule, wakitoka chuo cha Kurani, hawapiti kwangu. Wanaingia kwa Noorbanu, wanakaa juu ya magunia ya mchele, na yule mwanamke anafungua kitabu, anawasomea mchana kweupe. Unajua sisi hatutoi hadithi mchana. Mama yangu alituambia anayetoa hadithi jua likiwa juu ataota pembe, nami mpaka leo sijathubutu. Nikawa nangoja usiku uingie, tukishakula, nikohoe kidogo, niseme paukwa. Wapi. Abdala amekwisha lala na tonge mdomoni. Ashatu ananiambia kwa adabu, Bibi, leo tumeshashiba hadithi, halafu za vitabu zina picha.

Zina picha. Nilimeza neno hilo kama mwiba wa samaki changu.

Sikufichi, nilifanya wivu wa mke mwenza. Wewe unajua sina shamba la maana, sina dhahabu. Urithi wangu ni zile hadithi, na mtoto akishashiba kwa jirani, chako kinalala kwenye chungu mpaka kichache. Niliogopa kwamba nitakufa nazo. Nikahamishia mbuzi yangu ya nazi ukutani kabisa, nikawa nakuna nazi wakati wa kusoma, hata siku tuliyopika maharage makavu. Nilivisikiliza vitabu vyako vyote kutoka uani. Kwa hiyo usinidharau ninapokwambia kipi kizuri, kipi hapana.

Kile cha mtoto aliyeng'oka jino akaenda kulitafuta sokoni, kizuri. Abdala alicheka mpaka akajikojolea, gunia la Noorbanu likaharibika, nami sikusikitika. Kile cha msichana fundi baiskeli ambaye mjomba wake hataki ashike spana, hicho lete vingine kama hicho kwa ajili ya Ashatu. Alikuja jikoni akaniuliza kwa nini wajomba wanaogopa. Kile cha kijana mwenye kigugumizi anayetaka kutangaza mpira kilinitoa machozi, nikasingizia kitunguu. Lakini kile cha sungura anayepiga mswaki kirudishe ulikokitoa. Hadithi gani hiyo? Haina njaa, haina jini, haina hata mama wa kambo. Sungura anaamka, anapiga mswaki, analala. Mtu mzima amelipwa kwa kazi hiyo?

Sasa sikiliza. Juma lililopita nakuna nazi, nikasikia Noorbanu anasoma kitabu kigeni kwangu. Ni cha binti anayesuka ukili, na mama yake amechukuliwa na bahari. Binti anasema hatamaliza mkeka wake mpaka bahari ije mlangoni imwombe radhi. Mkono wangu ulisimama. Ile ni yangu, Adila. Ile ni ya mama yangu, aliyokuwa akimpa msichana akishaanza ukubwa, na wewe nilikupa ulipofika umri. Ya Ashatu nilikuwa nimeiweka kama kanga mpya ndani ya sanduku, nangoja mwezi huu uishe nimwite peke yake. Nikajiambia labda watu wa Dar wameisikia mahali, wameichapa. Halafu Noorbanu akaimba ule wimbo wa bahari, na ndani ya wimbo kuna jina la Mwanahawa. Mwanahawa ni mama yangu mzazi. Alijitia mwenyewe kwenye wimbo kwa sababu alipenda kutajwa. Kitabu cha Dar kitamjuaje Mwanahawa wa Dunda?

Niliingia dukani na kifuu mkononi. Nikamwambia nionyeshe hicho kitabu. Watoto walikuwa wamenyamaza kimya nisichowahi kukipata mimi usiku wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Noorbanu akawapa peremende, akawaambia wakacheze nje. Kisha akanipa kitabu. Mimi sijui herufi, lakini sungura namjua. Alikuwa pale juu ya jalada na mswaki wake.

Nikamwita mwizi. Nikamwambia na mengine ambayo Mwalimu Muharami anakataa kuyaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akaniambia macho yamekwisha. Sukari imeyala. Tangu Ramadhani anaona mwanga na kivuli tu, herufi zote zimekuwa ukungu. Mwanawe Quresh hajui, kwa maana akijua atafunga duka amchukue akamkalishe ghorofani Upanga. Vile vitabu vya mwanzo alivisoma kweli. Vilivyokuja baadaye alishindwa, na watoto walikuwa wamekwisha kaa juu ya magunia wanamtazama. Akafungua kitabu, akageuza kurasa, akatoa kile alichonacho kichwani.

Nikamuuliza kwa nini atoe cha kwangu. Akasema, Esha, kwetu baba alikuwa akituhesabia bei ya unga, hadithi hakuwa nazo. Usiku nilikuwa navuka barabara nikalale kwenye mkeka wa mama yako, katikati yako wewe na ukuta. Mama yako alinipa mimi pia.

Ni kweli. Nilikuwa nikimsukuma kwa kiwiko, maana alikuwa akipata mkono wa mama nami nabaki na mgongo. Basi wivu wangu na huyu mwanamke haukuanza na vitabu vyako.

Nilirudi nyumbani nikaunguza wali. Kesho yake nikamwendea, nikamwambia, hukuniomba ushauri lakini ninakupa, kuanzia leo tutafanya hivi. Alasiri tunafunga mlango wa duka na madirisha, komeo ndani, giza linaingia. Giza likishaingia ni usiku, na usiku mtu haoti pembe. Mimi natoa hadithi, Noorbanu ananiitikia, watoto wanajibu. Wateja wanagonga wanataka sabuni, Noorbanu anawajibu humu ndani ni usiku, rudini kukipambazuka. Watu wanasema tumerukwa na akili. Wacha waseme.

Hadithi zikiisha tunafungua mlango, na Ashatu anasoma vitabu vyako kwenye mwanga. Sasa hapa ndipo ninapotaka uvute kiti.

Nilidhani watoto wanamfuata Noorbanu. Siku ya kwanza Ashatu alifungua kile kitabu kipya cha mwisho ulichotuma, na asisome. Kidole chake kikawa kinatembea ukurasa wa kwanza, penye wino wa kalamu, kinarudi, kinatembea tena. Nikamwambia soma basi, au nawe macho yameliwa. Akasema, Bibi, hapa ni mama. Kumbe wewe ulimwandikia jina lake kwa mkono wako, ukaandika na lako. Abdala naye akainama akakinusa, akasema kinanuka yale mafuta yako ya kichwa. Kinanuka makaratasi tu, nilinusa na mimi. Sikumwambia.

Kila kitabu wamekifuata kwa ajili ya mwandiko wako, Adila. Mimi nawapikia, nawaogesha, nawapeleka zahanati kwa bodaboda homa ikipanda, nawapa hadithi za mama yangu ndani ya giza la kutengeneza, na wewe unawashinda kwa mstari mmoja wa wino. Ninakuonea wivu mwanangu wa kuzaa. Limenitoka, na Mwalimu ameliandika. Noorbanu nilimsamehe siku ile ile. Wewe bado.

Quresh ukikutana naye usimwambie habari ya macho. Hiyo ataisema mama yake mwenyewe, na nimempa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo nitaisema mimi.

Noorbanu anakusalimu. Mwalimu Muharami anakusalimu na anasema alikufundisha kuunga herufi, usimsahau kwa kalamu nzuri. Nawe nisalimie mwenye nyumba wako na kila anayeniulizia.

Ijumaa ijayo usitume kifurushi. Vibebe vitabu mwenyewe. Cha fundi baiskeli tafuta nduguye, sungura muache huko huko. Ukishuka usipitie dukani, njoo uani kwangu, vua viatu, kaa mkekani katikati ya wanao, usome wewe mpaka sauti ikukauke. Jua likishuka utanyamaza, maana hapo ni zamu yangu.

Mimi mama yako nikupendaye kwa hasira,
Esha binti Mwinshehe
Dunda, Bagamoyo